Kwa nini hawakati kinyama cha uvimbe wa jicho

Wengi mnauliza: hao madaktari wa Los Angeles wanaopima retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto wadogo, wanahangaika nini kuchota tone la maji ya mbele ya jicho, si wakate kinyama cha kupima tu kama saratani nyingine? Jamani, retinoblastoma haitobolewi ovyo. Ukiuchoma uvimbe wenyewe, seli zaweza kutoroka nje ya jicho. Maji ya mbele yako mbali nao, na DNA ya uvimbe imo humo. Wakikuta kipande cha kromosomu ya 6 kimeongezeka, wanajua hatari ya kulipoteza jicho ni kubwa zaidi. Damu ya mtoto nayo ipimwe jeni ya RB1, ile ambayo ikiharibika huleta saratani hii. Hitilafu ikionekana humo, wadogo zake wachunguzwe tangu kuzaliwa.

Mpwa wangu tulimgundua kwenye picha ya simu, usiku wa maulidi: mboni moja nyekundu, ya pili nyeupe inang'aa kama ya paka. Zahanati wakatupa mafuta ya macho, miezi mitatu ikapita hivihivi. Jicho likatolewa. Sasa yuko darasa la pili, la bandia analivua mwenyewe kuwatisha wenzake.