Visigino Vyangu na Mama Mkwe

Nilirudi kukimbia baada ya miaka mingi ya kukaa, na raba zilezile za zamani, mwendo uleule wa ujana. Mwanzoni nilijiona bingwa. Halafu asubuhi moja nikateremsha miguu kitandani, visigino vyote viwili vikaniuma hadi nikaita mama.

Ubaya wa maumivu haya hayana ushahidi. Hatua za kwanza unatembea kwa kushika ukuta, lakini ukizungukazunguka kidogo mguu unalegea, unakuwa mzima. Mke wangu akaniona nachechemea kwenda bafuni, akaniona narudi nimenyooka.

"Kumbe mguu unauma wakati wa kwenda tu?"

Tangu hapo kila nikisema siwezi kudeki, ananiambia nizunguke nyumba kwanza.

Kwa daktari nako niliingia natembea vizuri, aibu tupu. Bahati nzuri alibonyeza kisigino kwa kidole gumba, penyewe hasa, nikaruka. Akasema ni utando mgumu wa chini ya unyayo, unaotoka kisiginoni hadi vidoleni: umevutwa kupita uwezo wake, na ukilala unakakamaa, ndiyo maana asubuhi ni vita. Nipunguze mbio, ninyooshe misuli ya nyuma ya mguu, nibadili raba, na niviringishe unyayo juu ya chupa ya maji yaliyogandishwa. Nitapona lini? "Miezi," akasema, kama mtu anayesema dakika.

Nikagandisha chupa mbili. Kwa kuwa unyayo wa kushoto ulikuwa na fangasi kidogo, nikaziandika kwa wino mzito: KULIA, KUSHOTO. Mimi ni mtu wa usafi.

Jumapili mama mkwe akabisha hodi bila taarifa. Nikazitoa chupa miguuni, nikaziweka mezani, nikainuka kumwamkia. Nilikuwa nimekaa muda mrefu; nikamwendea nikiyumba kama mlevi.

"Marahaba, baba. Ah, mmenitayarishia maji ya baridi kabisa!"

Kabla sijafungua mdomo yeye ameshafungua chupa. Akanywa yote yaliyokuwa yameyeyuka, akashusha pumzi, akashukuru. Kuna habari ambazo mtu hampi mama mkwe wake, tena akiwa bado amekumbatia chupa. Mke wangu kainamia simu, mabega yanatikisika.

Mama akaigeuza chupa. "Hii imeandikwa kushoto. Hiyo ya kulia ya nani?"

Mke wangu, yule ambaye hakuwahi kuamini kwamba naumwa, akadakia:

"Mwachie mkweo hiyo, mama. Visigino vinamtesa sana, maskini."