Mionzi na dawa za kinga: jambo kubwa ni lini

Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi huambiwa anywe maji kabla ya kupanda kwenye mashine ya mionzi, ili kibofu kijae na kuusogeza utumbo usiungue. Hukaa kwenye benchi amebana mkojo, siku 5 kwa wiki, takriban wiki 5. Je, aongezewe na dawa ya kuamsha kinga ya mwili?

Utafiti wa KEYNOTE-A18, uliohusisha wanawake 1,060, unasema ndiyo. Kati ya waliopewa pembrolizumab, mojawapo ya dawa hizo, pamoja na mionzi na tiba kemia, asilimia 82.6 walikuwa hai baada ya miaka 3; wasioipata, asilimia 74.8. Tofauti hiyo ni akina mama karibu wanane katika kila mia.

Mantiki yake inaeleweka. Mionzi hupasua seli za saratani, mabaki yake yakawafundisha askari wa mwili, yaani chembe za kinga, kumtambua adui, nayo dawa huwafungulia breki. Tatizo ni kwamba mionzi hiyohiyo huwaua askari hao. Wengi wanashuku ndiyo maana avelumab, dawa nyingine ya kinga, haikusaidia ilipochanganywa na mionzi kwa saratani za kichwa na shingo. Durvalumab, nayo ya aina hiyo, inafundisha zaidi. Ilipotolewa baada ya mionzi kwisha, kwa saratani ya mapafu isiyoweza kufanyiwa upasuaji, waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa asilimia 42.9, dhidi ya 33.4 kwa wasioipata. Ilipoanzishwa sambamba na mionzi, katika utafiti wa PACIFIC-2, faida haikuonekana. Dawa ni ileile. Na kwenye saratani ya mlango wa kizazi, durvalumab ilishindwa pale pembrolizumab ilipofaulu. Kwa hiyo anayesema "mchanganyiko unafanya kazi" bila kutaja saratani gani, dawa gani na lini, hajasema kitu.

Tanzania, ambako saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, mimi ningeanza na mionzi yenyewe. Tiba yote ya mionzi inatakiwa imalizike ndani ya wiki 8. Mashine ikiharibika, au nauli ya anayetoka Kigoma ikiisha, nafasi ya kupona hupungua. Dozi 20 za pembrolizumab haziwezi kuziba pengo hilo.

Lakini wanaosema hizi ni dawa za matajiri, tusizijadili, siwaungi mkono. ARV nazo zilisemwa hivyo. Hataza kuu ya pembrolizumab, yaani haki ya kampuni moja tu kuitengeneza, huko Marekani inatarajiwa kwisha 2028. Mazungumzo ya bei yaanze kabla ya hapo, na wauguzi wafundishwe mapema kutambua kinga iliyoamshwa inapogeuka kushambulia mapafu, utumbo au tezi ya shingo.