Mbalamwezi ni siku ya kurejesha

Wa ziwani wanalijua hili: mwezi ukikomaa, dagaa hawavuliwi. Taa haina la kuwaambia wakati ziwa zima linawaka, kwa hiyo mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, na huku Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza, pilikapilika zinapoa kwa siku kadhaa. Makuli wanacheza bao kivulini. Mimi siku hizo ndipo nafanya kazi ninayoiheshimu kuliko zote za mfumo ninaoutunza: narejesha hifadhidata kutoka kwenye bakapu, yaani nakala ya akiba. Sisemi nachukua bakapu. Bakapu inachukuliwa kila usiku na cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, hata nikiwa nimelala, na kwa kweli haina cha kujivunia.

Mfumo wenyewe ni wa ghala la dagaa la mama mmoja ambaye sehemu kubwa ya mzigo wake huvuka kwenda Kongo. Nilitumia MongoDB, hifadhidata inayotunza kila rekodi kama waraka wake, kwa sababu ya namna watu wa Mwaloni wanavyouziana. Mteja mmoja ana gari, dereva, karatasi za forodha na magunia mia mbili. Anayemfuata ana sado tatu za dagaa wa kuku na ahadi ya kulipa Jumamosi. Kwenye hifadhidata ya nyaraka kila mmoja anapata waraka wake kama alivyo, bila kulazimishwa kujaza visanduku visivyomhusu. Kwa ghala dogo bado naona nilichagua vizuri.

Siku moja mteja akamaliza deni lake, nikaambiwa nilifute. Niliandika updateMany, amri ya kubadilisha nyaraka nyingi kwa mkupuo, mbio mbio, na pale kwenye mabano ya kwanza, panapotakiwa kusema ni mteja yupi, nikaacha patupu. Madeni ya wateja wote yakawa sifuri.

Simu ikaita. "Mwanangu, mbona leo simdai mtu?"

Sauti ilikuwa ya upole kabisa. Ningeomba anigombeze.

Nikajiambia bakapu ya saa nane usiku ipo, tatizo liko wapi. Nikafungua terminali, nikaita mongorestore, chombo cha MongoDB cha kurejesha bakapu:

mongorestore --gzip --archive=usiku.gz

Mistari ikamiminika, E11000 duplicate key, E11000 duplicate key, na mwisho wake ikaniambia nyaraka zilizorejeshwa ni 0, zilizoshindikana ni maelfu. Madeni yakabaki sifuri vilevile. Hapo ndipo nilipojifunza, nikiwa na jasho, jambo lililoandikwa wazi kwenye maelezo ya chombo chenyewe: mongorestore huingiza tu, haisahihishi. Ikikuta waraka wenye _id (kitambulisho chake) ileile tayari upo, inauacha ulivyo na kusonga mbele. Kwa hiyo ukirejesha juu ya data iliyoharibika, kilichofutwa kinarudi, ila kilichoharibika kinabaki kimeharibika. Na makosa yetu mengi si ya kufuta. Ni ya kuharibu.

Wengi tukifika hapo tunaongeza neno --drop kwenye amri. Nami niliongeza. Madeni yalirudi yote. Kilichoondoka ni mauzo ya asubuhi nzima, kwa sababu --drop hubomoa kila mkusanyiko (kundi la nyaraka) uliomo kwenye bakapu kabla ya kuujaza upya, na mkusanyiko wa mauzo ulikuwemo. Ilikuwa saa tano. Mizigo yote iliyotoka ghalani tangu alfajiri haikuwa imewahi kutoka. (Kwa wanaodhani --drop husafisha kila kitu: hapana, mkusanyiko ambao haumo kwenye bakapu hauguswi, unabaki hapo ukichanganyika na vya zamani.)

Tuliokolewa na daftari. Mama huyu hajawahi kuacha daftari lake la kaunta, lenye jalada jeusi na kona zilizoliwa na chumvi ya dagaa, tangu siku niliyomletea kompyuta. Tulikaa mpaka jioni nikiandika upya, yeye akisoma. Hakusema neno la kuniumiza. Alikuwa analamba kidole, anafunua ukurasa, anasoma.

Nilichopaswa kufanya ni hiki: kurejesha kwa jina jingine, pembeni, bila kugusa inayofanya kazi.

mongorestore --gzip --archive=usiku.gz --nsInclude='ghala.*' --nsFrom='ghala.*' --nsTo='ghala_jaribio.*'

Unapata hifadhidata mbili kwenye seva moja, ya usiku na ya sasa. Unaingia mongosh, dirisha la kuandikia amri za MongoDB, unachukua deni la kila mteja kutoka ghala_jaribio, unalirudisha kwa mwenyewe, na mauzo ya asubuhi hayajui kama kulikuwa na msiba. Alama za kunukuu usiziache, la sivyo terminali itaitafsiri ile nyota ipendavyo yenyewe. Amri hii ingekuwa mkononi mwangu siku ile kama ningekuwa nimewahi kurejesha hata mara moja siku za amani. Sikuwahi. Nilikuwa na bakapu za miezi na sijawahi kufungua hata moja.

Basi nikaanza mazoezi ya mbalamwezi, na la kwanza tu likanivua nguo. Bakapu za usiku kumi na moja mfululizo zilikuwa na uzito wa baiti 20 kila moja. Nilikuwa nimebadilisha nywila ya hifadhidata, nikasahau skripti. Mongodump, chombo cha kuchukua bakapu, ilikuwa inakataliwa mlangoni kila usiku, lakini nilikuwa nimeiunganisha na gzip, programu ya kubana mafaili, kwa bomba (alama ya | inayopeleka matokeo ya amri moja kwenye nyingine), na gzip isipoletewa kitu hubana utupu: faili halali kabisa, baiti 20. Mbaya zaidi, shelli, programu inayopokea amri, huangalia amri ya mwisho kwenye bomba, na ya mwisho ni gzip, ambayo ilifanya kazi yake bila kosa. Kwa hiyo cron iliona kila kitu shwari, nami nikiorodhesha folda naona faili zimejipanga kwa tarehe kama wanafunzi mstarini. Sikuangalia uzito. Sasa skripti ina mstari wa set -o pipefail, unaofanya bomba lote lihesabiwe limeshindwa amri yoyote ndani yake ikishindwa, bomba lenyewe nimeliondoa kwa kutumia --gzip ya mongodump, na faili likiwa dogo kuliko la jana kwa kiasi cha kutia shaka, napata ujumbe.

Asije mtu akasema haya ni ya mafundi wa vichochoroni. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu za watu, alifuta folda ya data kwenye seva isiyo yenyewe. Ile ilikuwa PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali, si ya nyaraka, lakini soma kilichofuata: bakapu zao za kila siku zilikuwa zinashindwa kwa sababu chombo cha kuzichukua kilikuwa toleo la zamani kuliko hifadhidata yenyewe, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Walipona kwa nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita ikaenda. Waliandika yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo.

Kuna vijana wananiambia wao wanatumia mongoexport, wanapata mafaili ya maandishi ya JSON au CSV, wanaifungua kwenye Excel, wanaona kwa macho. Kwa ripoti, sawa. Kwa bakapu, hapana. CSV haijui tofauti ya namba na maandishi yanayofanana na namba, na faharasa (index) hazifuati kabisa. Siku ukirejesha, ile faharasa iliyokuwa inazuia mteja mmoja kuandikwa mara mbili haipo, na hutajua mpaka madeni yaanze kuzaa mapacha. Mongodump hubeba BSON, muundo wa MongoDB wenyewe unaotunza aina ya kila data, na maelezo ya faharasa, na wakati wa kurejesha zinajengwa upya.

Na wale wa "yangu iko kwenye wingu"? Vizuri. Mmewahi kuishusha?

Siku hizi hata sirejeshi mimi. Anarejesha dogo anayenisaidia, kwenye laptopu isiyo na chochote, akiwa na karatasi moja ya maelekezo na bakapu iliyo kwenye diski ya eksternali ambayo haikai ghalani. Mimi nakaa pembeni, ni marufuku kufungua mdomo. Nimejua kwamba maelekezo niliyoyaandika mwenyewe yana matundu ambayo kichwa changu kinayaziba bila kuniambia. Mwezi uliopita alikwama kwenye jambo la kitoto: faili lilibanwa kwa --gzip, karatasi yangu haikusema arejeshe kwa --gzip, na mongorestore ikamwambia kwamba hilo halifanani na faili la mongodump. Alihangaika akidhani limeoza. Niliuma meno. Akapata mwenyewe, akaongeza neno hilo kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu.

Akimaliza, hatuangalii idadi ya nyaraka tu. Anampigia mama, wanasalimiana kwa mwangaluka, salamu ya Kisukuma, na yote yanayofuata, halafu anamwomba achague wateja watatu kutoka kwenye daftari na kusoma madeni yao. Safari hii mawili yalilingana mpaka shilingi. La tatu likapishana kwa elfu arobaini. Tukatafuta risiti, tukaipata. Aliyekosea ni daftari, na hilo mama bado hajalikubali.