Vidonge vya kuchoma mafuta na usingizi vinavyouiba

Wanunuzi wengi wa vidonge hivi hupatikana kwenye wiki ya sita ya kujinyima chakula. Mwanzoni mwili ulipungua haraka, suruali zikalegea, moyo ukafurahi. Sasa mizani imegoma, kupanda ngazi kunachosha, na mafuta ya mwisho chini ya kitovu yamekataa kutoka. Hapo ndipo mtu anafungua chupa ya kichoma mafuta na kumeza viwili kabla ya mazoezi.

Wanaosema vidonge hivi havifanyi lolote wanakosea. Kafeini, ambayo imo karibu katika vyote, huzuia kazi ya adenosini, kemikali inayoujulisha ubongo kwamba mwili umechoka. Pia huongeza kidogo nishati ambayo mwili unatumia hata ukiwa umepumzika. Ikichanganywa na efedrini, dawa ya kuusisimua mwili, nguvu huzidi. Katika utafiti mmoja wa Denmark uliochapishwa 1992, watu wanene waliokuwa kwenye mlo wa kupunguza uzito walipewa mchanganyiko huo kwa wiki 24, wakapungua wastani wa kilo 16.6. Wenzao waliomeza vidonge visivyo na dawa walipungua kilo 13.2. Kilo tatu na ushei si haba. Lakini itazame ile 13.2: imetokana na mlo pekee, na ndiyo sehemu kubwa ya kazi yote.

Tena huo ndio mchanganyiko uliofanya vizuri, na gharama yake ilikuja kuonekana. Februari 2003, mchezaji wa besiboli Steve Bechler, mwenye umri wa miaka 23, alianguka mazoezini huko Florida akiwa anajitahidi kupunguza uzito, akafariki kwa joto la mwili kupanda kupita kiasi. Daktari aliyechunguza mwili wake aliitaja efedra, mmea wenye efedrini, miongoni mwa vilivyochangia. Mwaka uliofuata Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedra. Nafasi yake ikachukuliwa na vichangamshi vingine vya mimea: sinefrini ya machungwa machungu, yohimbini na vinginevyo. Ushahidi wa kuvitetea ni mwembamba zaidi, ila mapigo ya moyo vinayapandisha.

Ukigeuza chupa usome nyuma, mara nyingi utakuta maneno "mchanganyiko maalumu", jumla ya miligramu, kisha majina kumi yamepangwa bila kipimo cha kila kimoja. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inasema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku. Utajuaje umefika wapi, hasa ukiwa umekunywa na kahawa?

Hata hivyo, hoja inayonigusa zaidi ni ya usiku, na watu wa gym hawaizungumzi vya kutosha. Kafeini huchukua takribani saa tano ili nusu yake tu itoke mwilini. Mtu anayefanya mazoezi saa kumi na mbili jioni, akamaliza na kula, saa sita usiku bado anageuka kitandani, macho makavu, moyo unadunda masikioni. Asubuhi amechoka, kwa hiyo anaongeza kidonge.

Sasa pima hilo na jaribio la Chicago la 2010. Watu kumi wenye uzito uliozidi waliwekwa kwenye mlo wa kupunguza mwili mara mbili, kila mara siku 14: mara moja wakipewa saa 8.5 za kulala, mara nyingine saa 5.5. Uzito ulipungua karibu sawasawa. Lakini walipolala vizuri walipoteza kilo 1.4 za mafuta, na waliponyimwa usingizi kilo 0.6 tu. Salio kubwa lilikuwa mwili usio na mafuta, ikiwemo misuli. Watu kumi ni wachache, nakubali, lakini mizani ya bafuni isingewaonyesha tofauti hiyo hata siku moja. Anayetaka mwili mkavu anatafuta mafuta yaondoke, misuli ibaki. Kidonge kinachompa nguvu jioni kikamnyang'anya usiku kinamrudisha nyuma huku mizani ikimpongeza.

Kwa hiyo sioni ubaya wa kafeini ya asubuhi, kwa kipimo kinachojulikana, kwa mtu mwenye moyo mzima anayehitaji msukumo wa kunyanyua vyuma akiwa na njaa. Kahawa inatosha. Mwenye shinikizo la damu, mapigo yasiyo na mpangilio au wasiwasi wa mara kwa mara, pamoja na mjamzito, asiviguse vichoma mafuta kabisa. Anayemeza dawa za kutibu sonona amwone daktari kwanza, kwa kuwa baadhi yake zikikutana na yohimbini huweza kupandisha shinikizo vibaya.

Na yule wa wiki ya sita asiyeweza kupanda ngazi? Mara nyingi amekata chakula kupita kiasi. Ningempa wiki moja au mbili za kula kiasi kinachoshikilia uzito wake, protini ya kutosha na kulala mapema, kisha aanze kupunguza tena taratibu.