Asilimia 3 kwa mwaka: kongosho linaugua zaidi, au tunalipima zaidi?

Daktari akisema kwamba ongezeko la ugonjwa wa kongosho (tezi iliyo nyuma ya mfuko wa tumbo) kuvimba ghafla ni la vipimo kuliko la ugonjwa wenyewe, wengi humwona anawadharau wagonjwa. Naona wanamwonea.

Ubishi unazunguka takwimu moja. Uchambuzi uliotoka 2022, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ulikuta kwamba kati ya 1961 na 2016 wagonjwa wapya kwa kila watu 100,000 waliongezeka kwa wastani wa karibu asilimia 3 kila mwaka, hasa Ulaya na Amerika Kaskazini. Asilimia 3 inasikika kama kitu kidogo. Ipigie hesabu. Kinachokua kwa kasi hiyo huwa maradufu kila baada ya miaka 23 au 24, na katika miaka 55 huwa mara tano. Mji uliokuwa ukipata wagonjwa 10 kwa mwaka ungepata 50, bila mji wenyewe kuongezeka hata mtu mmoja.

Sasa mara tano hiyo iweke kando ya vifo. Tafiti za muda mrefu katika nchi hizo zimekuwa zikirudia picha ileile: wanaougua wanaongezeka, katika kila wagonjwa 100 wanaokufa wanapungua, na vifo kwa kila watu 100,000 havitikisiki sana. Utaambiwa tiba imeboreka. Imeboreka kweli: wagonjwa mahututi wanaangaliwa vizuri zaidi, na madaktari wa upasuaji wameacha kukimbilia kisu mapema. Lakini ili tiba peke yake ieleze hali hiyo, ingebidi iokoe watu kwa kasi ileile ambayo ugonjwa unaongezeka, miongo na miongo. Sadfa hiyo mimi inanishinda kuimeza. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba wagonjwa wa hali nafuu, ambao zamani hawakuandikwa popote, sasa wanaandikwa, na hao karibu wote hupona.

Mfikirie mama anayeshikwa na maumivu makali juu ya kitovu, yanayopenya hadi mgongoni na kupungua kidogo akiinama mbele. Anavumilia, anafika hospitali siku ya tano. Kinapimwa kimeng'enya cha amilesi, kemikali ya kusaga chakula ambayo kongosho likiugua huvuja kwenye damu, na ambacho hupanda ndani ya saa chache na mara nyingi hurudi kawaida baada ya siku tatu hadi tano. Majibu ni ya kawaida. Anaandikiwa vidonda vya tumbo na kurudi nyumbani. Mama huyohuyo akipimwa lipesi, kimeng'enya kingine cha kongosho, ambayo hukaa juu wiki moja au zaidi, jina la ugonjwa linabadilika. Akipigwa na picha ya CT, ndiyo kabisa. Mwili ni uleule, maumivu ni yaleyale, ila hesabu imepata mgonjwa mpya.

Kwa hiyo anayelitilia shaka ongezeko hasemi kwamba ugonjwa ni mdogo. Anasema ulikuwa mkubwa tangu zamani na hatukuuona.

Hesabu hukosea kwa upande wa pili pia. Lipesi inaweza kupanda kwa mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi, bila kongosho kuvimba. Ndiyo maana vigezo vya Atlanta, mwongozo wa kimataifa wa kutambua ugonjwa huu uliorekebishwa 2012, vinataka dalili mbili kati ya tatu: maumivu ya aina yake, kimeng'enya kilichofika angalau mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, au picha inayothibitisha. Na takwimu nyingi hutoka kwenye rekodi za wanaolazwa. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi, na mtu mmoja aliyelazwa mara tatu kwa urahisi huhesabiwa watu watatu.

Wanaoamini ongezeko wana hoja ambayo siwezi kuipita. Visababishi vikuu ni vijiwe vya nyongo na pombe, na unene huleta vijiwe na pia hupandisha trigliseridi, mafuta ya damu ambayo yakizidi sana yanaweza kuliwasha kongosho yenyewe. Unene umeongezeka kweli, na hakuna kipimo cha maabara kilichoutengeneza. Sehemu ya ile mara tano ni yao.

Lakini makadirio ya mzigo wa magonjwa duniani yanaonyesha wagonjwa wapya wapatao milioni 2.8 mwaka 2019, wengi kuliko 1990, huku kiwango kilichosawazishwa kwa umri, yaani kwa kila watu 100,000 wenye mgawanyo wa umri uleule, kikiwa kimeshuka kidogo. Watu wameongezeka na wamezeeka.

Ningependa ubishi huu uhamie kwa wagonjwa ambao figo, mapafu au moyo wao umeshindwa kwa zaidi ya saa 48, wale ambao vigezo vya 2012 vinawaita wa hali mbaya. Mgonjwa wa namna hiyo alikuwa vigumu kumkosa hata kabla ya lipesi. Idadi yao kwa kila watu 100,000 ikipanda kwa asilimia 3 kwa mwaka, nitahamia upande wa pili.