Capuozzo ni Namba 15, si Winga

Machi 19, 2022, mjini Cardiff, mechi ya raga. Wales wanaongoza 21-15 na mechi imebaki dakika moja hivi. Uwanja umejaa kwa ajili ya sherehe ya wengine: Alun Wyn Jones anaichezea Wales mechi ya 150, Dan Biggar ya 100. Italia haijashinda mechi ya Mataifa Sita, mashindano ya kila mwaka ya Ulaya, tangu 2015. Imefungwa mara 36 mfululizo. Hapo mpira unamfikia kijana mwembamba aliyevaa namba 15, jezi ya fulbeki, yaani anayelinda nyuma kabisa; yuko upande wa kulia, mbali kabisa na mstari wa trai, ule ambao ukitua mpira nyuma yake unapata pointi tano.

Nimeirudia video hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na siku hizi simwangalii miguu. Namwangalia kichwa. Kabla hajakimbia popote amekwisha kuwapima walio mbele yake, na amejua nani amesimama vibaya. Anapita kati yao bila kupunguza mwendo. Anapokaribia mkabaji wa mwisho angeweza kujaribu mwenyewe, maana utukufu ulikuwa mkononi mwake. Badala yake anamvuta mkabaji kwake, kisha anamwachia mpira Edoardo Padovani kwa ndani, naye anautua chini ya milingoti bila mtu wa kumgusa. Paolo Garbisi anapiga mkwaju wa nyongeza wa pointi mbili. 22-21.

Huyo ndiye Ange Capuozzo. Alikuwa na umri wa miaka 22 na ilikuwa mara yake ya kwanza kuanza mechi ya timu ya taifa. Wiki moja kabla alikuwa ameingia kutoka benchi dhidi ya Scotland na kufunga trai mbili. Josh Adams wa Wales, aliyepewa medali ya mchezaji bora wa mechi siku ile, alimwendea Capuozzo baadaye akampa. Sijui kama kuna heshima kubwa zaidi ya hiyo kutoka kwa mtu uliyetoka kumfunga.

Nimeanza na Cardiff kwa sababu mjadala kuhusu kijana huyu haujaisha tangu siku ile, na naona unaelekea pabaya. Wapo wengi wanaosema kwamba kwenye ngazi ya juu kabisa hafai kuwa fulbeki, aende winga, yaani pembeni. Ni mdogo wa mwili, wanasema. Kweli, hafiki mita 1.80 na kilo zake ni chache kwa raga ya leo. Mlinganishe na Freddie Steward wa Uingereza, mwenye mita 1.96, utadhani mmoja ni baba na mwingine ni mwanawe. Klabuni Toulouse, jezi ya 15 ina mwenyewe, Thomas Ramos, na mara nyingi Capuozzo ameitwa kuziba pengo pembeni. Hata Italia imemtumia huko. Mwaka 2025 mjini Roma, ilipoishinda Wales 22-15, alicheza winga na trai ya Italia siku hiyo ilikuwa yake.

Kwa hiyo sikatai kwamba anaweza kucheza winga. Anaweza. Ninachokataa ni kumweka huko kwa sababu ya kilo.

Hoja kubwa ya wanaotaka ahamishwe ni mipira ya juu. Mwishoni mwa 2024 marefa walielekezwa kuwa wakali kwa wachezaji wanaomkinga mwenzao anayesubiri kudaka mpira. Zamani ungeona watu wawili watatu wakirudi taratibu mbele ya anayekuja kasi, wakijifanya hawamwoni, ili mdakaji adake kwa raha. Hilo sasa ni penalti. Matokeo yake timu zimeongeza mipira ya juu, kwa kuwa anayekimbilia ana nafasi halisi ya kuunyaka hewani. Hapo mrefu ana faida. Hilo halina ubishi, na ninapoona mpira unapaa kuelekea kwa Capuozzo nami hushika roho mkononi.

Lakini hebu jiulize ile mipira inaangukia wapi. Skramuhafu, yule namba 9 anayetoa mpira kwenye rundo la wachezaji, akipiga mpira wa juu kutoka nyuma ya rundo hilo, anaupiga karibu na mstari wa pembeni, umbali ambao wenzake wataufikia kwa wakati. Mara nyingi pale ni kwa winga! Fulbeki huenda akaja kusaidia, lakini anayesimama chini ya mpira huku kifua cha mtu wa kilo 105 kikimjia ni namba 11 au namba 14. Ukimhamisha mtu mdogo kutoka 15 kwenda pembeni ili kumficha na mipira ya juu, umemtoa kwenye mvua ukamsimamisha chini ya mchirizi.

Tena winga wa leo hakai mbele tu. Tangu ilipokuja sheria ya 50:22, ambapo ukipiga mpira kutoka nusu yako ukadunda na kutoka nje ndani ya mita 22 za wapinzani timu yako ndiyo inayourusha kuuingiza tena, timu zimelazimika kurudisha watu nyuma kulinda pembe. Winga mmoja anashuka, mwingine anapanda, wanabadilishana mechi nzima. Kazi ya ulinzi ya fulbeki wameshagawana. Kinachobaki kuwa cha fulbeki peke yake ni kuona uwanja wote kutoka katikati na kuchagua mwenyewe aingie wapi mpira unaporudi. Na hicho ndicho Capuozzo anachokifanya vizuri kuliko karibu kila mtu wa rika lake.

Watu humtaja Cheslin Kolbe. Mfupi kuliko Capuozzo, naye alipita Toulouse, na huko alicheza fulbeki pia. Afrika Kusini ikamfanya winga, akafunga trai kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2019, akabeba kombe tena 2023. Basi si njia ni hiyo hiyo? Mimi naona ni watu wawili tofauti. Kolbe anakuacha umesimama mahali pa kutandika mkeka mmoja. Mpe hatua mbili na mstari wa pembeni, atatoka. Capuozzo anahitaji kuja na kasi yake kutoka mbali. Silaha yake ni kuuona mwanya mapema na kuufikia wakati mkabaji bado anageuza nyonga. Mtazame mwezi Novemba 2022 kule Florence, Italia ilipoishinda Australia kwa mara ya kwanza katika historia, 28-27. Alikuwa fulbeki na alifunga trai mbili. Mwaka huo akachaguliwa mchezaji chipukizi bora wa dunia, na hakuna aliyeuliza kilo zake.

Jambo hili linanigusa binafsi, niseme wazi. Shuleni nilikuwa fulbeki. Si mzuri sana, lakini nilikuwa fulbeki. Tulipofika kidato cha tatu akaja kocha mpya, akatupanga mstari, akatutazama miili kama mtu anayechagua mbuzi sokoni, kisha akaniambia, "Wewe mwanangu ni mwepesi, nenda pembeni." Mechi ya kwanza niligusa mpira mara mbili. Nakumbuka nimesimama kwenye nyasi kavu upande wa mbali, nauona mwanya katikati ya uwanja, mkubwa wa kupita matatu, na sina ruhusa ya kuuendea kwa sababu nikiondoka pembe inabaki wazi. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Hakuna aliyesikia. Kocha yule hakuwa mtu mbaya, ila mwili wangu aliupima kwa jicho na mchezo wangu hakuwahi kuuona. Hapa Kenya bado nawaona vijana wengi wepesi wakipelekwa pembeni namna hiyo, wengine wenye akili ya uwanja ambayo haifundishwi, wakimaliza msimu mzima wakisubiri pasi.

Kuna upungufu mmoja wa Capuozzo ambao naukubali kuliko wa kimo, nao ni mguu. Fulbeki wa ngazi ya juu anatakiwa kuwa na mkwaju wa kuitoa timu kwenye shida, na wake hauna urefu wa ule wa Ramos. Ndiyo maana kocha Gonzalo Quesada, aliyekuwa flaihafu wa Argentina, yaani namba 10 anayeongoza mchezo kwa mguu, na anajua thamani ya mkwaju kuliko mimi, amewahi kumpa Tommaso Allan namba 15 na kumsogeza Capuozzo pembeni. Naelewa. Allan anapiga, anafunga penalti, anatuliza mchezo. Lakini kazi ya kupiga inaweza kugawanywa. Garbisi anaweza kushuka nyuma mpira unapokuja kwao, apokee, apige yeye. Timu nyingi hufanya hivyo kumpunguzia fulbeki mzigo. Jicho la Capuozzo huwezi kumgawia mtu mwingine.

Tusisahau pia aliyempa jezi hiyo mara ya kwanza. Kocha wa Italia mwaka 2022 alikuwa Kieran Crowley, aliyewahi kuwa fulbeki wa New Zealand. Alimtoa kijana kwenye klabu ya Grenoble, iliyokuwa daraja la pili Ufaransa, na mechi ya kwanza ya kumwanzisha akampa namba 15 ugenini Cardiff, huku Padovani, mzoefu kuliko yeye, akienda winga. Angeweza kufanya kinyume na kila mtu angesema ni busara. Mtu aliyewahi kusimama mwenyewe kule nyuma alimtazama yule mwembamba akaona fulbeki.

Kombe la Dunia la 2027 litachezwa Australia. Capuozzo atakuwa na miaka 28, umri ambao fulbeki anaanza kuusoma uwanja kama ua wa nyumba yake. Kikosi ninachotaka kukiona ni Monty Ioane kushoto, Louis Lynagh kulia, wapiganie mipira ya juu kwa miili yao, na Capuozzo nyuma yao katikati, Garbisi akimsaidia kwa mkwaju. Allan akae benchi kwa dakika 20 za mwisho, mechi ikihitaji kutulizwa.