Hujaisoma, Lakini Una Maoni

Jamani, nani aliwaambia kusimulia ngano ya kale upya ni kuiba? Jana kwenye feri ya Likoni nimekumbatia riwaya yangu, ile ngano ya binti na zimwi (Beauty and the Beast) iliyoandikwa upya kwa mahaba na uchawi. Nimefika pale zimwi linamchomoa binti mwiba kidoleni, makucha yanalitetemeka, roho yangu iko juu juu. Shoga yangu akachungulia: "Ah, mbona hiyo naijua? Mwisho lageuka mwana wa mfalme."

Umeisoma? "Sijaisoma." Sasa wajua nini, shoga?

Wengine ati ni nakala tu. Nakala ya ipi? Villeneuve, mwandishi wa Kifaransa, aliichapisha mwaka 1740, mwenzake Beaumont akaifupisha 1756, na hiyo fupi ndiyo iliyoenea. Yaani hata hiyo mnayoiita ya asili imesimuliwa upya! Na bibi zetu wa Mji wa Kale, paukwa pakawa, Sungura yule yule kila usiku: nani aliwahi kumkata bibi kauli, "hiyo naijua"? Si tulisogea karibu zaidi?

Toeni maoni, hata mseme mahaba yamezidi sukari. Lakini fungueni kitabu kwanza! Nilikuwa nimebakisha kurasa 40. Arobaini, jamani!